Mama Mkwe Asitajwe

Wenzangu mliobaki ofisini, mliniaga kwa keki, saa ya ukutani na hotuba iliyosema nimeacha pengo lisilozibika. Siku ya tatu mkanipigia simu kuuliza mhuri uko wapi. Uko droo ya chini, ndani ya kopo la chai, pale pale ulipokuwa tangu enzi za taipu. Katika simu hiyo hiyo mkaniomba niandike namna nilivyokuwa nikiwasaidia watu wa talaka wasifilisike mikononi mwa wakili wao. Najua mlichotaka ni karatasi ya kubandika ukutani. Hii siyo hiyo, basi kaeni msome.

Vyeo siviandiki. Niliingia karani na nikatoka karani, na katikati niliitwa karani mwandamizi kwa muda wa mwaka hivi, mpaka aliyenipa jina hilo akalisahau. Mshahara nao siutaji, maana ulikuwa na haya, haukupenda kuonekana. Mwenye ofisi nitamwita Wakili tu. Ameshatangulia mbele ya haki, na kwa mara ya kwanza hawezi kunijibu, kwa hiyo si uungwana kumwita kwa jina.

Siku yangu ya kwanza nilipanda ngazi za ile nyumba ya Mji Mkongwe, nyuma ya Vuga, nikiwa na cheti cha kupiga chapa na viatu vya kuazima. Nilidhani ofisi ya wakili ina mazulia. Nilikuta feni inayozunguka kwa kusitasita na taipu ambalo herufi yake ya K imekatika mguu, katika ofisi ambayo nusu ya kazi yake ilikuwa talaka na Mahakama ya Kadhi. Nilikuta pia Mzee Feruzi, karani niliyekuja kushika nafasi yake, mtu mwembamba aliyekuwa akinywa kahawa bila kuonekana kuimeza. Alinitazama viatu, akanitazama uso, akaniuliza mimi mtoto wa nani. Nilipomtajia ukoo alitabasamu. Babu yangu alikuwa na mashamba ya mikarafuu, na mimi katika urithi ule nilipata jina refu na tabia ya kuwatazama watu kwa juu.

Mzee Feruzi hakunionesha faili hata moja siku ile. Alinitoa nje ya mlango, akanionesha benchi la mbao lililokuwa ukumbini, akaniambia kazi yangu inaanzia pale. Wakili, alinieleza, hulipwa kwa kikao. Anayevuka kizingiti cha chumba chake ameanza kulipa, akizungumza kesi, akizungumza mvua, akilia. Benchini halipi mtu. Kwa hiyo karani mwenye huruma humweka mteja benchini, akamsikiliza mpaka amalize, kisha akaandika ukurasa mmoja wa yale yenye maana, na mteja akaingia nao ndani kwa kikao kimoja badala ya vitano. Alipomaliza akanikabidhi kalamu nyekundu. Akasema nikate kila kitu ambacho Kadhi hatakiuliza.

Niliipenda kalamu ile kuliko nilivyowapenda baadhi ya ndugu zangu.

Mtajionea wenyewe kwa nini benchi lilihitajika. Mwanamke wa kwetu akiachwa haji kwa wakili peke yake. Huja na shangazi, kaka wawili, jirani aliyeshuhudia, na jirani ambaye hakushuhudia lakini ana maoni. Zamani wote waliingia ndani, na Wakili aliegemea kiti akawasikiliza kwa subira ambayo mkewe hakuwahi kuiona. Mimi nikawa nawazuia ukumbini. Nawapa maji, nawaambia waseme yote, walie yote, na wamlaani wanayetaka kumlaani. Kaka wakishasikia kuwa ndani kunalipiwa, ghafla hukumbuka kuwa wana shughuli sokoni Darajani.

Kisha namgeukia mwenyewe. Cheti cha ndoa kiko wapi? Karatasi ya talaka iko wapi? Watoto wangapi, na wanakaa na nani? Kipi chako, na una nini cha kuonesha kuwa ni chako? Asiyekuwa na barua ya sheha nilimrudisha kwa mkuu huyo wa mtaa wake akaitafute kabla hajamwona Wakili, kwa sababu wakili anaweza kukuombea barua ya sheha, tena kwa lugha nzuri sana, na lugha hiyo utailipia. Niliwaambia wasipige simu kila Jumatatu kuuliza kama kuna jipya. Niliwaambia maswali yao wayaandike nyumbani, waje nayo yote siku moja. Nakala watoe wenyewe kwenye duka la chini, maana mashine yetu ilikuwa na bei ya hoteli.

Na niliwaambia wamueleze Wakili ukweli, hasa ule wa aibu, kwa sababu upande wa pili utausema, tena kwa ufasaha kuliko wao. Hapo ndipo penye kazi. Mwanamke wetu yuko radhi kulala njaa kuliko kumwambia mwanamme asiye ndugu yake kuwa mumewe hamlishi. Huinama, akavuta mtandio, akasema, "Hatuelewani kidogo." Wakili naye huandika kuwa hawaelewani kidogo. Mara moja niliifuata ile "kidogo" benchini nikakuta ni jino lililovunjwa kwa ngumi. Kejeli zangu zote haziniruhusu kulicheka hilo.

Walionichosha zaidi walikuwa wenye uwezo. Kulikuwa na bwana na bibi wa Kiembe Samaki, mtaa ninaokaa, waliomaliza habari za watoto, nyumba na gari katika kikao kimoja, kisha wakagombania friji vikao vinne. Friji lenyewe lilikuwa haligandishi. Niliwaita benchini wote wawili, nikawaambia waende Forodhani jioni, penye watu wengi ili waone haya kupiga kelele, wagawane vitu kwa mdomo, na sisi watuletee kile tu watakachoshindwa. Walirudi wamekubaliana friji apewe fundi, maana ndiye aliyekaa nalo muda mrefu kuliko wao. Wakili hakunisemesha siku mbili.

Kwa mambo hayo nikapata jina. Watu wa mitaa ya Ng'ambo walianza kuambiana kuwa ukiachwa usiende kwa wakili, nenda kwa Bi Zuwena wa benchini. Nami nikavimba kichwa. Nikajiwekea kanuni, na kanuni yangu kuu ilikuwa mama mkwe asitajwe. Kila mteja alikuwa na mama mkwe, na kila mama mkwe alikuwa na ulimi. Hakuna Kadhi aliyewahi kuvunja wala kurudisha ndoa kwa sababu ya ulimi wa mama mkwe. Saa nzima za watu zilikuwa zikipotea hapo, na kalamu nyekundu ilikuwa ikizirudisha.

Miaka michache kabla sijastaafu ndipo alipokuja Tatu.

Alikuwa mkulima wa mwani kutoka Jambiani, mwanamke wa makamo, vidole vimepauka kwa maji ya chumvi. Alikuja peke yake, jambo lililonifurahisha, na alikuja na mkoba wa ukili uliojaa stakabadhi, jambo lililonifurahisha zaidi. Mumewe, Vuai, alimpa talaka kwa karatasi iliyochanwa kwenye daftari la skuli la mtoto wao, kisha akampelekea habari kuwa eda ikimalizika atoke ndani ya nyumba. Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba vitatu vya tofali, na kila tofali lilitokana na mwani wake. Saruji, mabati, milango, vyote alikuwa na karatasi zake. Shida ilikuwa kiwanja. Kiwanja kilikuwa cha upande wa mume, na Vuai alisema asiye na ardhi hana nyumba. Tatu alikuwa na watoto watatu, na kwao hakukuwa na chumba kilichobaki. Hakutaka kitu kingine duniani ila asitolewe mule.

Alizungumza asubuhi nzima. Nusu yake ilikuwa habari za mama mkwe wake, Bi Mize. Bi Mize alimsimanga kwa kuchelewa kurudi pwani. Bi Mize alisema mchuzi wake hauna nazi. Siku ya kuweka msingi wa nyumba, watu walipokuja kwenye dua, Bi Mize alisimama mbele ya wote akasema uji umezidi chumvi, akasema kiwanja anampa Tatu kwa sababu mwanawe hana akili ya kukaa na kitu, na akasema hata ubani umechomwa ovyo. Tatu alipofika kwenye uji alilia, miaka yote ile baadaye, akanieleza kuwa chumvi ilitiwa na mwengine.

Mimi nilisikia uji na ubani. Nilikuwa nimeandika maneno yake yote, nikayapitia kwa kalamu nyekundu, na nilipofika siku ya msingi nikapiga mstari kuanzia chumvi mpaka ubani. Na niseme ukweli wangu wa aibu kama nilivyowataka wengine waseme wao: niliona ni maneno ya watu wa shamba, watu wasiojua kueleza jambo likaeleweka.

"Bi Tatu, Kadhi hana haja na uji," nilimwambia. "Ukiulizwa, jibu ulichoulizwa. Mama mkwe asitajwe."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akaitikia haya, akashukuru, akaniachia mfuko wa ndimu.

Siku ya kesi nilikaa nyuma na faili langu mapajani. Vuai alikuja na kanzu iliyopigwa pasi vizuri na wakili wake mwenyewe. Alisema kwa upole kabisa kuwa stakabadhi za Tatu hazipingi. Lakini ardhi ni ya mama yake mzazi, Tatu aliachiwa kujenga kwa wema tu, naye yuko tayari kumpa vyombo vyake vyote na milango aing'oe. Wakili wetu alisimama na ule ukurasa wangu mmoja, safi, umepigwa chapa upya. Akazungumza saruji na mabati. Kadhi alimsikiliza, kisha akamgeukia Tatu na kumuuliza kiwanja alipewa na nani, au aliazimwa tu.

Tatu alifungua mdomo. Akageuka, akanitazama mimi kule nyuma. Akaufunga.

"Sina la kusema," alijibu.

Kadhi alimuuliza tena, akajibiwa vile vile. Mwisho akaahirisha kwa wiki mbili, akasema pasipokuwa na ushahidi juu ya kiwanja, hatokuwa na njia ila nyumba ifuate ardhi yake. Eda ya Tatu nayo ilikuwa inamalizika wiki hiyo ya kurudi mahakamani.

Nilimkuta chini ya ngazi. Nilikuwa nimepandwa na hasira, na nilimsemesha vile ambavyo mtu mzima hamsemeshi mtu mzima mwenzake. Nilimuuliza amepatwa na nini, ameulizwa swali jepesi mbele ya Kadhi, ulimi ameuweka wapi. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Bi Zuwena," alisema, "si ulinambia mama mkwe asitajwe?"

Nikamuuliza mama mkwe anahusiana nini na kiwanja.

"Kiwanja kanipa yeye. Siku ya msingi, mbele ya watu. N'shakwambia benchini, ukakifuta."

Nilifungua faili nikaitoa karatasi ya kwanza, na mstari wangu mwekundu ulikuwa juu ya maneno hayo hayo. Nilikaa kitako pale pale kwenye ngazi, na Tatu, mwenye nyumba ya kupoteza, ndiye aliyenishika bega.

Kwa Wakili nilikwenda mwenyewe, na ile karatasi ya kwanza yenye wekundu. Aliisoma, akaipeleka karibu na dirisha, akaisoma tena. Mtu akitoa kitu chake mbele ya mashahidi, na aliyepewa akakipokea na kukikalia, hiyo ni hiba, na kila mwanafunzi wa sheria anaijua. Ilikuwa imelala chini ya mstari wangu.

"Bi Zuwena, umeifuta kesi," alisema. Halafu, baada ya kufikiri, "Kikao cha leo usikiandike." Katika miaka yote niliyofanya kazi pale sikuwahi kumsikia akisema hivyo tena, na naamini kilimuuma.

Jumamosi nilikwenda Jambiani. Bi Mize nilimkuta barazani kwake anasuka ukili, mguu mmoja ameunyoosha. Nilimpa shikamoo yangu, akaitikia marahaba bila kuinua macho, akauliza kama nimekula. Nilikuwa nimejiandaa na hotuba ndefu. Ilikuwa na haki, akhera, na hali ya mayatima, ingawa hakukuwa na yatima hata mmoja katika kesi ile. Alinikatiza nilipofika akhera. Lahaja ya kule siisikii vizuri, naye akanionea huruma akazungumza Kiswahili cha mjini, polepole, kwa namna ambayo mimi huzungumza na wateja wa shamba.

Alisema mambo mawili. La kwanza, Vuai alishamuonya kuwa akikanyaga mahakamani hatomuona tena mlangoni kwake. La pili alilisema akiwa anatafuta ncha ya ukili wake.

"Nlivunjika nyonga. Tatu kaniogesha miezi mine. Vuai kaja mara mbili, na mara ya pili kaja kuuliza minazi ntamwachia nani."

Nikamuuliza basi atakuja? Alisema tutatazama mguu utasema nini. Nikarudi mjini sijui nimepata shahidi au nimepata chai tu.

Wiki ile nilifanya kazi bila kuona nilichokuwa nikikifanya. Tatu alishaanza kufunga vyombo vyake katika makanga. Nilipompigia simu kumpa moyo, yeye ndiye aliyenipa.

Asubuhi ya kesi Bi Mize aliingia akiegemea fimbo. Alipewa kiti, akakikataa. Vuai aliinuka.

"Mama, umekuja kunitia aibu."

"Kaa kitako," alimwambia, na Vuai, pamoja na kanzu yake, alikaa.

Kadhi alimuuliza kiwanja ni cha nani.

"Kilikuwa changu. Nikampa Tatu siku ya msingi, mbele ya watu, akapokea, akajenga, na mpaka leo yumo. Sikukirejesha. Mashahidi wengine wako hai, nimekuja nao wawili, wako nje wanavua viatu."

Kadhi akamuuliza kama anafahamu kuwa maneno yake yanamuelemea mwanawe. Alijibu kuwa anafahamu, yeye ndiye aliyemzaa. Mashahidi wakaingia, mmoja mmoja, wakasema siku ile ile na dua ile ile, na wote wawili, bila kuulizwa, wakautaja uji.

Nyumba ilibaki kwa Tatu. Vuai alitoka bila kumpa mama yake mkono, na Bi Mize alibaki akiutazama ule mlango kwa muda baada ya mtu kuwa keshapita. Sijui kama mwanawe alirudi kwake tena. Sikuthubutu kuuliza, na hilo halikuwamo kwenye karatasi yoyote. Niliona tu namna alivyobadilisha fimbo mkono mmoja hadi mwengine, akatafuta pa kuegemea.

Tatu alimfuata, akampa bega, wakaanza kuteremka ngazi taratibu. Mimi nilikuwa nyuma yao na faili langu.

"Leo utakula kwangu, mama," Tatu alisema.

"Ntakula," alisema Bi Mize. "Lakini uji ntapika mwenyewe."

Tangu siku ile wateja wangu waliendelea kuingia kwa Wakili na ukurasa mmoja, na waliendelea kulipa kikao kimoja. Hilo sikulibadilisha na nyinyi msilibadilishe. Lakini benchini niliwaacha wazungumze mpaka mwisho, na mama wakwe wao wote, na wifi zao, na chumvi yao, na nikaanza kuuliza siku hiyo nani mwengine alikuwapo na alisema nini. Lilinichukulia asubuhi nyingi na kahawa nyingi, na wateja hawakulipia hata moja.

Mhuri, basi, uko kwenye kopo la chai. Kalamu nyekundu msiitafute, nimeondoka nayo.